Kikombe cha Kabange

Mimi ni Mado, na watu wa Naviundu watawaambia kwamba mdomo wangu hauna mlango. Ni kweli, sibishi. Kwa kuwa hauna mlango, acheni niwaeleze habari za mama Hortense Kabanga. Wale waliomfukuza bado wako hapa, wanakula na kulala, wanaimba kanisani siku ya Mungu, na sijasikia hata mmoja akimtaja kwa wema.

Alikuwa mfupi, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mume wake alifanya kazi ya reli mpaka akafa, na Mungu hakuwapa watoto. Alizaliwa hapa Lubumbashi, akabatizwa hapa, akaolewa hapa, akazika hapa. Kasai aliijua kwa nyimbo za mama yake tu. Lakini ukisema jina Kabanga, mtu wa mji huu anajua mambo mawili papo hapo. La kwanza, wazazi walitoka Kasai. La pili, huyu ni wa mapasa, yaani mapacha, tena yule aliyetoka wa pili. Anayetangulia kwao anaitwa Mbuyi. Mbuyi wake alikufa wakiwa wadogo, hata meno hayajakamilika.

Kila siku ya pili ya juma, nyuma ya dispensari, aliwakusanya wasichana waliozaa nyumbani kwa wazazi. Sisi tunawaita fille-mère, na jina lenyewe watu walilitamka kama wanatema mbegu. Mimi nilifika pale mara ya kwanza kwenda kugombana, maana wasichana wake walikata njia katikati ya bustani yangu ya mboga za lengalenga. Nilifika na matusi yangu tayari mdomoni. Akaniambia, "Mama Mado, matusi nitasikiliza, lakini shika kwanza huyu mutoto, mama yake iko anakoroga uji na anauunguza." Nilimshika mtoto, nikaona uji kweli unaungua, nikamsukuma yule msichana kando na kuuokoa. Tangu siku hiyo nikawa mpishi wake. Yale matusi mpaka leo sijamtolea.

Hakuwa mtu wa kusimama mbele na kuhubiri. Alimwita mmoja, "Mama Graciella, simama," na huyo mama Graciella alikuwa mtoto aliyefukuzwa shule juzi kwa ajili ya tumbo. Kwao walimwita aibu. Pale aliitwa mama. Kazi yake, achanganye maji yaliyochemka, chumvi na sukari ya kumpa mtoto anayehara, na wenzake watafute kosa lake. Chumvi ikizidi, walimpigia kelele. Aliwaambia mambo ya mwili bila kuzunguka, yale ambayo mama zao waliyafunga kwenye pindo la kitenge, na jinsi ya kukaa bila mimba nyingine. Wasichana walificha uso kwa mikono, halafu wakauliza maswali mpaka mimi mwenyewe nikaona haya. Mimi, Mado!

Kulikuwa na jambo moja ambalo alilifanya bila kulifundisha. Uji ukiiva, kabla ya kuonja, alichukua kijiko kimoja, akakimwaga chini ya ukuta, akasema polepole, "Mbuyi, kunywa." Halafu ndipo alipokunywa yeye. Hakuna aliyemuuliza. Mapasa ni mapasa, hata mmoja akiwa ardhini. Wasichana walikitazama kile kijiko, kisha darasa likaendelea.

Kisha askari wakapora mji, na baada ya askari, sisi wenyewe. Tusidanganyane, nani hakubeba kitu? Mbusa, yule mfanyabiashara wa Kivu aliyetuuzia soya ya uji, alikuta ghala lake halina hata mlango. Dispensari ilipoteza dawa, vitanda, na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto. Niliiona baadaye sokoni, inapimia ndakala, wale dagaa wakavu. Nilimtukana mwenye meza mpaka sauti ikakauka, lakini mizani haikurudi. Ni siku hizo hizo Estelle alizaa mapasa.

Estelle alikuwa na miaka kumi na tano. Mama yake alikwisha kufa, na kijana aliyempa mimba, aliposikia kwamba watoto ni wawili, alikwenda Kambove kutafuta kazi, na nadhani anaitafuta bado. Msichana alilelewa na nkambo wake, bibi yake mzaa mama, mzee Kunda. Yeye ni Muluba wa huku Katanga, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Watoto walikuwa wavulana. Mkubwa tulimwita kwa jina la ubatizo, Élie. Mdogo alibaki na jina lake la mapasa, Kabange. Kule Kasai wanasema Kabanga, huku tunasema Kabange. Ni jina moja la mtoto mmoja. Mama Hortense aliposikia tu, alivaa viatu. "Mado, twende. Iko jina yangu ile."

Kunda hakufungua. Alisema akiwa ndani ya lango, "Hapa kwangu masomo ya haya hapana. Mutoto iko na nkambo yake, nkambo njo anamufundisha."

Nilidhani tutarudi. Mama Hortense akaweka mkoba chini, akapiga makofi, akaanza kuimba. Mawee! Sikujua kwamba mama yule wa rozari anayajua maneno yale. Nyumba ya mapasa lazima itukanwe, hiyo ndiyo heshima yake, na aliyetukanwa lazima ajibu, la sivyo watoto wanaona hawakusifiwa. Aliimba juu ya makalio ya Kunda, juu ya marehemu mume wa Kunda na uvivu wake kitandani, na majirani wakatoka nje na vijiko mikononi. Halafu ile sauti ya ng'ambo ya mto ikapanda kutoka ndani, "Na weye, miwani ya kamba, maziwa yako inagonga magoti, inaamusha kuku!" Tukacheka mpaka tukashika ukuta. Lango likafunguliwa. Mama Hortense akatoa zawadi zake, kila kitu viwili viwili: sabuni mbili, nguo mbili, pini mbili. Tangu hapo wale wazee wawili hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana, na Estelle akaruhusiwa kuja darasani na watoto wake, na Kunda mwenyewe nyuma yake akikagua.

Alikagua nini? Usawa. Mapasa, kwa Kunda, walikuwa mizani ambayo haikuporwa. Élie alikuwa na ziwa la kulia, Kabange la kushoto, wakati mmoja, mmoja asitangulie. Nguo zilikatwa kutoka kitambaa kimoja. Ukimsalimia huyu, msalimie na yule. "Ukiwabagua," alisema, "yule aliyeonewa anakasirika, anarudia kwenye alitokea. Na mwenzake anamufuata. Banaenda bote." Hayo si maneno aliyoyabuni yeye. Hata mimi nilikua nikiyasikia.

Lakini watoto wenyewe hawakuwa sawa. Élie alikuwa na mashavu. Kabange alikuwa na macho tu. Alinyonya kidogo akachoka, akalala na ziwa mdomoni, na lile ziwa la kushoto likaanza kukauka. Nywele zake zilikuwa nyepesi na nyekundu, ngozi ya matako imekunjamana. Mizani hatuna, kwa hiyo mama Hortense alizungusha kidole gumba na kidole cha pili kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Vidole vikakutana, vikapitana. Alivua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu.

"Mama Kunda," alisema, na siku hiyo hakutukana, "huyu mudogo anapashwa kula mara mbili. Huyu mukubwa iko na nguvu, anaweza kungojea."

"Apana! Unataka banifie bote?"

"Huyu anakufa, mama. Anakufa hivi tunamwangalia."

"Sawasawa," alisema Kunda. "Wote sawasawa, ao hakuna."

Tulirudi. Karibu na mto nikafungua mdomo kumtukana Kunda, na mama Hortense akanizuia. "Yule mama hana kosa, Mado. Anaogopa. Na mimi naogopa vilevile. Ningeweza kumnyima Mbuyi kijiko chake? Siwezi." Akatembea kidogo, akasimama. "Anachunga kwa macho tu, yule. Basi, macho yake tutayashibisha."

Siku ya darasa iliyofuata alikuja na vikombe viwili vya bati, vya bluu, vinavyofanana mpaka kwenye ukingo uliomenyeka. Mbele ya Kunda nilivijaza, vyote viwili mpaka juu kabisa, hakuna kilichozidi hata tone. Kunda akainama, akaangalia, akaridhika. Lakini katika sufuria moja kulikuwa na uji wa maji, unga wa mahindi na chumvi kidogo. Katika nyingine kulikuwa na soya, ndakala zilizosagwa, karanga na mafuta ya mawese, mzito, na juu yake nilipitisha povu la ule mwingine ili rangi isitusaliti. Kikombe kizito kilikuwa cha Kabange. Siri hiyo tulikuwa nayo watatu: mama Hortense, mimi, na Estelle, ambaye alifundishwa kufanya hivyo hivyo nyumbani, akiupika wakati nkambo yuko shambani.

Na mtoto akaanza kupanda. Si mara moja. Kwanza aliacha kulialia. Kisha vidole vya mama Hortense vilikutana tu, havikupitana. Kisha havikukutana, na ziwa la kushoto likajaa tena. Siku Kabange alipokaa mwenyewe na kumpiga Élie kichwani kwa kijiko, mama Hortense alicheka mpaka machozi, akamwambia Kunda, "Ona jina yangu! Sura mbaya kama yako, lakini mikono ya muntu." Kunda akajibu kitu ambacho siwezi kukirudia. Nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha wakati ule. Mji umeporwa, mishahara haipo, hospitali mgonjwa anakuja na sindano yake, na mimi nilikuwa naimba nikikoroga.

Halafu siasa ikatuingilia nyumbani. Nani alianza, nani alisema nini kwenye radio, hayo waulizeni wenye kusoma. Mimi nilisikia filimbi za vijana barabarani. Nilisikia wanavyowaita watu wa Kasai bilulu, wadudu, na watoto wadogo wakiimba neno hilo wakiruka kamba. Sokoni walianza kumwambia mama Hortense kwamba mboga imekwisha, na mboga ipo mezani. Darasani baadhi ya wasichana hawakuja tena. Baba zao walisema uji wa Mukasai una sumu. Wasichana walewale aliowashikia kichwa wakizaa! Kunda hakuacha. Alikuja na watoto, akakaa mbele, akasema kwa ile sauti yake, "Huyu kilulu iko yangu miye. Bamuachie." Nilimpenda siku ile.

Vijana wa filimbi walikuja kwa mama Hortense mchana, wakati watu wanakula. Waliondoa mlango, malata ya paa, kitanda cha marehemu, hata picha ya ndoa waliibeba kwa ajili ya kioo chake. Wengine niliwajua; mmoja, mke wake ana kitenge changu mpaka leo. Mama Hortense alifika kwangu na mzigo kichwani. Nilidhani ni nguo. Ulikuwa mfuko wa unga wa soya. "Hii iko ya Kabange," alisema, akakaa chini. Nililia, nikalaani, nikamwambia mume wangu kwamba mgeni huyu halali nje. Lakini walianza kuturushia mawe juu ya bati letu, na ni yeye mwenyewe aliyesema basi, asituponze. Akaenda stesheni, walikokuwa wenzake.

Sijui niieleze vipi ile stesheni. Familia nzima nzima chini ya maturubai na vitenge, sufuria, masanduku, wazee juu ya magodoro, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Wengi walikuwa wanarudishwa "kwao" ambako hawajawahi kuweka mguu. Watoto walihara na kufa, wakazikwa haraka. Mama Hortense, katikati ya uchafu ule, alikuwa na darasa. Kila nikienda na chakula nilimkuta na wasichana wamemzunguka, chumvi, sukari, maji, simama mama nani, tafuteni kosa lake. Lakini sukari ilikwisha. Kisha kuni za kuchemshia maji zikakwisha. Akabaki anafundisha kwa mikono mitupu, akionyesha kipimo hewani.

Siku tuliposikia kwamba treni imepata kichwa, Kunda alikuja kwangu. "Twende tumuage ule mujinga." Tukaenda, yeye, mimi, Estelle na watoto wawili. Kunda alikuwa amebeba mikate miwili ya muhogo, chikwanga, mayai mawili, na leso mbili. Viwili viwili, maana anayesafiri ni wa mapasa, na Mbuyi wake anasafiri naye. Mama Hortense alipoona vile vitu viwili viwili, alivipanga mapajani, kila kimoja na mwenzake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu ya upendo, mnaona? Kama Kunda angekuja na tusi tu, Kabange angekuwa na miaka yake leo.

"Mama Kunda," alisema, "sitapanda treni na uongo wa mapasa kwenye mugongo. Miye mwenyewe niko pasa."

Nilimfinya paja. Nilimfinya kwa kucha. Ananiangalia, anaendelea. Akamwambia yote: sufuria mbili, povu la juu, soya, mawese. Akamnyanyua Kabange mbele ya macho ya bibi yake. "Angalia, mama. Angalia hii mikono. Élie hakukasirika, hakuenda popote. Sasa umeona na macho yako. Uendelee vile nilikuwa nafanya."

Kunda alimwangalia Kabange. Alimwangalia Élie. Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni mwa Estelle, yule mwingine akambeba mwenyewe.

"Basi njo vile," alisema. "Asante, mama Hortense. Safari njema."

Hakumtukana. Nikajua hapo hapo. Katika muda wote wa kujuana kwao, ilikuwa mara ya kwanza amemsemesha kwa adabu.

Walipokwenda mbele nilimgeukia mama Hortense. "Umefanya nini? Ulimi uliponza kichwa, lakini si kichwa chako! Cha nani sasa?"

"Ameona mutoto ameshiba, Mado. Muntu akiona, anaelewa. Njo kazi yangu ile, kuonyesha."

"Kazi yako ilikuwa kunyamaza!"

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Watu walisukumana, mabehewa ya mizigo yakafunguliwa, akapandishwa kwa makalio na kijana mmoja ambaye simjui. Niliona miwani, kisha sikuona. Barua haikuja. Mtu mmoja alisema alishushwa njiani, Kamina, mgonjwa, mwingine akasema alifika Mwene-Ditu, kule Kasai. Nimechagua kuamini alifika, lakini siamini.

Jioni ile Kunda aliwapaka mapasa udongo mweupe, akapiga magoti mbele ya Élie, akamwomba msamaha, "Tulikudanganya, baba, hatukujua." Kisha akafanya hesabu yake. Kama Élie alipewa maji wakati mwenzake anakula mazito, basi hawako sawa. Ili wawe sawa, Élie ale mazito, na Kabange anywe maji, kwa muda uleule uliopita. Ule mfuko wa soya niliompelekea mimi mwenyewe, wa Kabange, ukawa wa Élie.

Nilikwenda nikapigana naye langoni. Nilipaza sauti, nikamwita mchawi, nikamwita muuaji, majirani wakatoka tena na vijiko mikononi. Aliniacha nimalize. Alikuwa amezeeka.

"Mado, miye siko mujinga," alisema. "Niliona Kabange ananona. Nilifurahi. Lakini Élie naye iko wangu. Tumemuibia. Akikasirika, banaenda bote, nabakia na nani? Na huyu mutoto Estelle atabakia na nani?"

Nilimtazama Estelle. Alisimama nyuma ya bibi yake na kile kikombe cha bluu mkononi. Nilimpa jicho, kwamba fanya kwa siri, mpe! Akatikisa kichwa. Alikuwa anaogopa. Kwanza walimwambia usawa unaokoa, kisha tukamwambia udanganyifu unaokoa, kisha yule aliyemfundisha udanganyifu akauungama kama dhambi. Hata miaka kumi na saba hakuwa nayo, angeamini lipi? Kuzaa si kazi, kazi kulea, wanasema wazee, lakini hawasemi mtoto afanye nini akiwa ndiye anayelea.

Mvua zilikuwa kali. Mto Naviundu ukaingia visimani, na kuhara kukapita kila lango. Mapasa waliugua siku moja, wote wawili. Estelle alichemsha maji, alitia chumvi, akazunguka mtaa mzima kutafuta sukari, na hakuna aliyekuwa na sukari. Mimi sikuwa nayo. Élie alikuwa na mwili wa kupoteza. Kabange hakuwa nao.

Pasa akifa, halii mtu. Unasema amekwenda kukata kuni. Ukilia, mwenzake anasikia kwamba kule kuna jambo, naye anakwenda kuona. Kwa hiyo tuliimba. Tuliimba zile nyimbo za matusi, za makalio na za vitanda, tukipiga makofi kuzunguka kifurushi kidogo, na Kunda alitukana kwa sauti iliyokuwa inakatika. Estelle aliimba pamoja nasi, macho makavu, akijibu kila tusi mahali pake. Blauzi yake ilikuwa imelowa upande wa kushoto. Ziwa lile lilikuwa la Kabange, na Kunda hakuruhusu Élie aliguse.

Siku ya pili ya juma niliwasha moto nyuma ya dispensari. Sijui kwa nini. Wasichana walikuwa wamebaki wachache, hakuna wa kusema simama mama nani, na mimi sina elimu ile. Nilikuwa na unga wa mahindi chini ya mfuko, na soya kidogo niliyokung'uta kutoka kwenye mishono ya mfuko wa zamani. Nilijua kwamba ndio mwisho. Estelle akaja peke yake na Élie mgongoni. Élie naye sasa alikuwa na macho kuliko mashavu. Mkononi Estelle alikuwa na vikombe vyote viwili.

"Kimoja kinatosha, mama," nilimwambia. Nilijikuta nimemwita mama, kama mama Hortense alivyofanya.

"Viwili, mama Mado."

Nilidhani kimoja ni chake, naye amekonda. Nikavijaza sawasawa, na sufuria ikabaki tupu. Alimketisha Élie chini, akampa kikombe chake, naye akakibugia mpaka akakohoa. Halafu Estelle akainuka na kikombe cha pili, akakwenda mpaka ukutani, mahali palepale, akakiinamisha. Uji wote ukaenda chini, mpaka ule uliobaki akaukwangua kwa kidole.

"Kabange, kunywa," alisema.

"Estelle! We, una wazimu? Unga imeisha! Mutoto wako iko na njaa na weye unamwanga?"

"Mama Hortense alikuwa anafanyaka vile."

"Kijiko! Yeye alikuwa anamwanga kijiko kimoja!"

"Ndiyo," alisema, bila hasira. "Mbuyi yake amekwenda zamani, alishazoea. Kabange amekwenda juzi. Njaa yake iko mingi."

Mimi, ambaye mdomo wangu hauna mlango, nilishika kijiko nikaikwangua ile sufuria tupu. Élie aliacha kikombe chake kikaviringika, akainuka kwa kuyumba, akaenda mpaka ukutani, akachuchumaa. Alitia vidole kwenye ule unyevu, akavipeleka mdomoni, udongo na yote.

Estelle alimshika mkono, akamfuta kwa pindo la kitenge chake, taratibu, kama alivyofundishwa kumfuta mtoto.

"Acha, baba," alimwambia. "Ile iko ya ndugu yako."